Mwongozo kamili: kusanifu jengo la kufundishia sayansi chuoni, Pwani ya Tanzania

Ni saa nane mchana mwezi Februari. Wanafunzi 40 wamo maabara wanachambua chumvi, nusu yao wanachemsha mirija ya majaribio, na umeme umekatika. Feni ya kabati la moshi, lile linalovuta mvuke wa kemikali na kuutoa nje, imesimama, bomba linakohoa hewa, na upande wa magharibi jua linaingia mpaka kwenye meza ya mwalimu. Kila ninapopewa kazi ya kusanifu jengo la sayansi, hiyo ndiyo picha ninayoiweka mbele yangu. Jengo ambalo zoezi linaweza kuendelea ndani yake saa hiyo, au likasimamishwa bila mtu kudhurika, hilo kwangu ndilo jengo endelevu. Paneli za sola juu ya paa haziliokoi jengo lililokosewa tangu msingi.

Mfano nitakaoutumia ni chuo cha ualimu cha ukubwa wa kati kilichopo Dar es Salaam, nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta, ambako mvua ni takriban milimita 1,100 kwa mwaka. Walio Tanga, Lindi au Unguja watarekebisha kidogo tu. Walio Dodoma wana mvua chache na usiku wa baridi, kwa hiyo hesabu za maji na za paa wazipige upya.

Hatua ya 1: Anza na ratiba, kalamu ya kuchorea iache mezani

Vyuo vingi huja na ombi la idadi ya vyumba: "Tunataka maabara sita." Wewe omba ratiba ya masomo. Tuseme chuo kina miaka miwili ya masomo, kila mwaka wanafunzi 160. Ukiwagawa makundi ya watu 40, unapata makundi manne kwa mwaka, yaani manane kwa jumla. Kila kundi likifanya vitendo saa tatu kwa wiki katika kila somo, maabara ya kemia itatumika saa 24 kwa wiki. Siku tano zenye saa saba za kazi ni saa 35. Maabara moja ya kemia inatosha, tena zinabaki saa 11 za kuandaa na kusafisha. Fizikia na biolojia ni hivyo hivyo. Kwa hiyo chuo kinahitaji maabara tatu nzuri, na fedha za zile tatu nyingine zijenge vyumba vya maandalizi, stoo ya kemikali na tangi la maji. Hakuna hatua nyingine katika mwongozo huu itakayookoa saruji, umeme na fedha kama hii.

Kila mwanafunzi mpe mita za mraba 3. Maabara ya watu 40 inakuwa mita 10 kwa 12. Pale wanafunzi wanapopeana migongo, acha nafasi ya mita 1.5 kati ya meza na meza, ili anayebeba kopo la asidi asigongwe na anayegeuka.

Hatua ya 2: Mwite fundi sanifu wa maabara kwenye kikao cha kwanza

Mkuu wa chuo atakuja, mhasibu atakuja, wahadhiri watakuja. Anayesahaulika ni fundi sanifu wa maabara, mtu anayejua sinki gani huziba na dirisha gani halifunguliwi tangu lilipowekwa. Kaa naye nusu siku kwenye maabara ya zamani kabla hujachora chochote. Chuo kimoja nilichokwenda, nilifungua kabati la moshi nikakuta madaftari ya mitihani yamepangwa humo hadi juu. Feni ilikuwa imeungua, na kipuri chake hakikupatikana nchini. Tangu siku hiyo, kila kifaa ninachokichora nauliza kwanza: kikiharibika, nani hapa chuoni atakitengeneza, na kipuri atakipata duka gani?

Upande wa sheria, mapema kabisa chuo kipate msanifu majengo na mkadiriaji majenzi waliosajiliwa, halafu ulizeni taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira kuhusu tathmini ya mazingira, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kuhusu ramani, OSHA kuhusu usalama mahali pa kazi, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu kutunza na kuteketeza kemikali. Ushauri wao ukija wakati kuta zimeshasimama, utalipa kwa kubomoa.

Hatua ya 3: Lipe jengo mgongo wa mashariki na magharibi

Jengo liwe refu na jembamba, upana usizidi mita 10, ncha zake zikitazama mashariki na magharibi. Madirisha yote makubwa yawe kaskazini na kusini. Kwenye ncha weka vitu visivyohitaji madirisha makubwa, kama vyoo, ngazi na stoo ya vifaa vya fizikia. Ukuta wa magharibi usiwe na dirisha la maabara hata moja. Nimeona maabara ambako wanafunzi walipaka vioo vya magharibi rangi ya bluu ili waweze kusoma bureti, ule mrija wenye alama za kupimia kimiminika, kisha taa zikawa zinawashwa mchana kutwa.

Upenu wa paa una hesabu yake. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni, jua la Dar es Salaam huwa limeinama nyuzi 30 kutoka utosini kuelekea kaskazini. Adhuhuri ya tarehe 21 Desemba limeinama kama nyuzi 17 kuelekea kusini. Dirisha lenye kimo cha mita 1.5 basi linahitaji upenu wa sentimita 87 upande wa kaskazini na sentimita 45 upande wa kusini ili likae kivulini saa sita mchana. Saa nne na saa nane jua huwa limeshuka, kwa hiyo mimi huweka mita 1.2 pande zote mbili. Upenu huo huo huzuia mvua ya masika isipige madirisha, na madirisha yakabaki wazi wakati wa mvua.

Uelekeo huu una faida ya pili. Kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki na kusi hutoka kusini mashariki. Jengo lililolazwa hivi hupokea upepo kwenye ubavu wake mrefu misimu yote miwili. Wazee waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja walipata vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuzidi urefu wa mita tatu hivi. Sisi tuna nondo na zege, hivyo tunajenga vyumba vipana hadi upepo unafia katikati.

Hatua ya 4: Ingiza upepo bila kuzima moto

Hapa ndipo wasanifu wengi tunapoteleza. Tumefundishwa kupitisha upepo chumbani, tukasahau kwamba ndani kuna vichomeo vya Bunsen na mizani. Upepo wa kusi ukivuma juu ya meza, moto wa bluu unayumba na mizani haitulii kwenye namba. Mwalimu anafunga madirisha yote, na usanifu wetu wote unaishia hapo.

Gawa ukuta mafungu matatu. Chini ya kimo cha meza, kati ya sentimita 20 na 70 kutoka sakafuni, weka matofali ya matundu yenye wavu wa mbu. Hewa inaingia kwa miguuni. Juu, kuanzia mita 2.1 hadi kwenye lenta, weka louva zinazobaki wazi muda wote, hewa ya moto itokee huko. Fungu la kati, mbele ya meza, liwe vioo vinavyofunguka, ambavyo mwalimu huvifunga moto ukiwashwa na kuvifungua baadaye. Kimo cha chumba kisipungue mita 3.6. Na kumbuka kwamba wavu wa mbu hupunguza upepo sana, kwa hiyo matundu yawe mapana kuliko unavyodhani.

Mizani ijengewe chumba chake kidogo, ghorofa ya chini, juu ya meza ya zege iliyojengwa kutoka kwenye jamvi, mbali na mlango unaogongwa.

Biolojia iwekwe mahali penye mwanga tulivu wa kusini au kaskazini, meza za hadubini zikiwa dirishani. Nunueni angalau nusu ya hadubini zenye kioo cha kuakisi mwanga. Umeme ukikatika, wanafunzi wanageuza kioo kuelekea dirishani na kuendelea kutazama seli za kitunguu.

Hatua ya 5: Paa liwe mwavuli

Bati la mchana wa Februari haligusiki kwa mkono, na joto lake hushuka moja kwa moja kichwani kwa mwanafunzi. Dawa yake ni kutenganisha paa na dari. Francis Kéré alifanya hivyo kijijini kwao Gando, Burkina Faso, kwenye shule ya msingi iliyokamilika 2001: bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali ya udongo, na upepo unapita katikati ukiondoka na joto. Acha uwazi wa nusu mita au zaidi kati ya dari na bati, ziba kwa wavu ili popo wasiingie, na dari yenyewe iwe nzito au iwe na tabaka la kuzuia joto. Rangi ya bati iwe nyeupe au ya fedha.

Karibu na bahari, chumvi hula bati. Geji 30 ni nyembamba kwa jengo la chuo. Chukua geji 28 au nene zaidi, lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, na misumari yenye kinga hiyo hiyo. Pembezoni pa paa jenga njia ya kupita fundi anayesafisha gata na paneli, la sivyo atatembea juu ya bati na kulitoboa.

Hatua ya 6: Kabati la moshi

Nitakaa hapa zaidi, maana hapa afya ya watu na bili ya umeme hukutana.

Kabati la moshi hufanya kazi kwa kuvuta hewa kupitia mdomo wake kwa kasi ya takriban mita 0.5 kwa sekunde. Mdomo wenye upana wa mita 1.2 uliofunguliwa nusu mita una eneo la mita za mraba 0.6. Zidisha, unapata mita za ujazo 0.3 kwa sekunde, yaani 1,080 kwa saa. Maabara yetu ya mita 10 kwa 12 yenye kimo cha mita 3.6 ina hewa ya mita za ujazo 432. Kabati moja peke yake hutoa nje hewa yote ya chumba zaidi ya mara mbili kwa saa. Sasa fikiria umeweka viyoyozi humo: unapoza hewa, unailipia LUKU, kisha unaitupa juu ya paa. Ndiyo maana maabara ya kufundishia kemia nasanifu bila kiyoyozi. Kiyoyozi kiende kwenye chumba kidogo cha vifaa vya elektroniki tu.

Bomba la kutolea moshi liwe la plastiki ngumu, PVC au polipropilini, kwa sababu mvuke wa asidi hutoboa bati la mabati ndani ya miaka michache. Feni ikae juu kabisa, nje ya jengo, ili bomba lote lililo ndani livutwe. Hapo likipasuka, hewa ya chumba itaingia kwenye bomba, moshi hautatoka. Mdomo wa bomba uwe mita 3 juu ya paa, ukitazama mbinguni. Tusiweke kile kikofia cha bati kinachofanana na pia ya watoto: kinasukuma moshi urudi chini, na kusi linauingiza kwenye louva za darasa jirani. Maji machache ya mvua yanayoingia yatolewe kwa kitundu chini ya feni.

Umeme ukikatika? Feni mbili zenye wati 400 kila moja zinakula yuniti 2.4 kwa zoezi la saa tatu. Betri ya kiasi hicho chuo kinaweza kuimudu. Tenga basi waya maalumu wa vitu vitatu tu, yaani feni za kabati, taa za njia za kutokea na friji ya biolojia, na huo ndio uunganishwe na betri. Sola ya kilowati 3, ambayo kwa Pwani hutoa yuniti 12 hivi kwa siku ya kawaida, inaubeba bila shida.

Halafu jenga baraza la majaribio: meza mbili za zege nje, zenye paa na sinki, upande ambao upepo hauelekei madarasani. Kazi ndogo yenye harufu, kama ya haidrojeni salfaidi, inaweza kufanyika huko kwa uangalizi. Ni sehemu ya bei nafuu kuliko zote katika jengo, na walimu huipenda mno.

Walimu nao wana nafasi yao. Titresheni kwa bureti ndogo ya mililita 10 badala ya 50, na majaribio ya matone kwenye vibao vya plastiki, hupunguza kemikali, moshi na maji kwa pamoja. Zungumza nao kabla ya kuamua idadi ya makabati.

Hatua ya 7: Maji yanayoingia na yanayotoka

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lenye mita za mraba 600, mvua ya milimita 1,000 kwa tahadhari, na upotevu wa asilimia 20, linakusanya lita 480,000 kwa mwaka. Matumizi: mazoezi 16 ya kemia na biolojia kwa wiki, wanafunzi 40, lita 10 kila mmoja, ni lita 6,400. Kwa wiki 36 za masomo ni kama lita 230,000. Mvua inatosha mara mbili. Tatizo ni kiangazi kati ya masika na vuli. Ukitaka akiba ya wiki 10 unahitaji lita 64,000, yaani tangi la ardhini la mita 4 kwa 8 lenye kina cha mita 2. Lita 600 za kwanza za kila mvua kubwa, zilizoosha vumbi na kinyesi cha ndege, zimwagwe kupitia bomba la pembeni.

Maji ya mvua yana thamani nyingine ambayo watu wa kemia wanaijua. Maji ya visima vya Pwani ni magumu na mengi yana chumvi, mashine ya kutonesha maji (kuyasafisha kwa kuyageuza mvuke) hushika magamba meupe mpaka kinu chake kinaungua. Pitisha mvua moja kwa moja kutoka kwenye gata hadi simtanki la plastiki lililotengwa kwa mashine hiyo, yasipite kwenye tangi la saruji. Na yale maji ya kupoozea yanayotiririka kutoka kwenye mashine, lita kumi au zaidi kwa kila lita moja ya maji safi, yarudishwe tangini. Nimeyaona yakimiminika sinkini kutwa nzima katika chuo kinachonunua maji kwa boza.

Sasa bafu la dharura. Mtu akimwagikiwa na asidi anahitaji lita 75 kwa dakika kwa dakika 15, yaani zaidi kidogo ya lita 1,100. Pampu isihusike kabisa. Weka simtanki juu ya mnara wa mita 6, na bomba la matumizi ya kawaida lichomoke juu ya usawa wa lita 1,200, ili maji ya chini yawe ya bafu peke yake. Bomba la bafu liwe la inchi moja na nusu. Tangi liwe kivulini, kwa sababu maji yaliyopigwa na jua la Februari hayafai kuosha jicho lililoungua. Kupima ni rahisi: ndoo ya lita 20 ijae ndani ya sekunde 16.

Maji machafu ya kemia yaende kwa mabomba ya plastiki ya polipropilini au HDPE. Zege huliwa na asidi, na kadhalika bomba la chuma. Yapite kwanza kwenye chemba yenye kokoto za mawe ya chokaa, kama yale ya Wazo au Amboni, yakatulizwe asidi, ndipo yaungane na maji taka mengine. Yakiingia mabichi kwenye karo la choo huua bakteria na karo linajaa. Pale asidi ya salfuriki inapotumika sana, kokoto hufunikwa na ganda jeupe la jasi na kuacha kufanya kazi, kwa hiyo mfuniko wa chemba uwe mwepesi kuinuliwa, kokoto zisuguliwe au zibadilishwe kila muhula. Taka zenye metali za zebaki, risasi au fedha zisiguse sinki kamwe. Chini ya kila meza jenga kijishubaka cha chupa ya taka.

Hatua ya 8: Gesi na stoo ya kemikali

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini. Kizimba cha mitungi kiwe nje, kivulini, chenye matundu usawa wa sakafu, mbali na mifereji na chemba. Koki kuu ya kila maabara iwe karibu na mlango wa mwalimu. Stoo ya kemikali iwe upande wa kusini, yenye matundu juu na chini, na rafu zenye ukingo. Kemikali zipangwe kwa tabia zake. Ukizipanga kwa herufi za majina, siku moja asidi ya nitriki itakaa jirani na alkoholi.

Hatua ya 9: Vifaa vya ujenzi

Matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, ambayo Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora wameyafundisha kwa miaka mingi, yanafaa kuta nyingi na hayachomwi kwa kuni. Mchanga wa bahari usikanyage eneo la ujenzi: chumvi yake hula nondo. Nondo zifunikwe na zege la sentimita 4 au zaidi.

Sakafu ya terazo ni nzuri kwa korido. Kwa kemia ni kosa, kwani ni saruji na vipande vya marumaru, na vyote viwili huyeyushwa na asidi. Inama chini ya meza za maabara ya zamani yenye terazo, utaona madoa yaliyochimbika, kila doa tone la mwanafunzi fulani. Tumia vigae vigumu vya poselini vilivyojazwa epoksi katikati.

Juu ya meza, mbao ngumu bado haijapata mpinzani wa bei yake. Mvule, ambao Waingereza huuita iroko, ulitumika kwenye maabara za shule nchini kwao kwa miongo mingi. Siku hizi mvule umeadimika. Kama chuo kina meza za zamani za mvule, zisitupwe: piga randa, paka vanishi, zina miaka mingine mingi. Kwa meza mpya chukua mtiki wa kupandwa, kama wa Longuza au Mtibwa. Meza moja katika kila maabara iwe na kimo cha sentimita 75 na uwazi chini, kwa anayetumia kiti cha magurudumu, na njia ya kuingilia ipande sentimita 1 kwa kila sentimita 12. Kila maabara iwe na milango miwili inayofunguka nje.

Hatua ya 10: Jaribu kabla ya kupokea funguo

Usipokee jengo kwa kutazama rangi. Washa chetezo cha ubani, kiweke mbele ya mdomo wa kabati la moshi. Moshi wote uingie ndani, usirudi usoni kwako. Kizungushe kwenye pembe zote za mdomo. Toka nje unuse kwenye louva za darasa jirani. Fungua masinki yote kwa pamoja kwa dakika 10 ukitazama chemba. Jaza ndoo chini ya bafu la dharura ukiwa na saa. Kisha zima umeme wa jengo zima, mwite mwalimu wa kemia na wanafunzi wake 40, na wafanye zoezi zima la saa tatu wakati mkandarasi amesimama pale.

Kwenye mkataba acha fedha za matengenezo ya kila mwaka, asilimia 1 hadi 2 ya gharama ya jengo, pamoja na feni moja ya akiba iliyo ndani ya boksi lake stoo. Na mchoro wa mabomba, koki na swichi zote, kwa Kiswahili, ubandikwe ukutani kwenye chumba cha fundi sanifu kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho.